Wageni wa Matopeni: Wagiriki wa Kale na Biashara ya Delta

Nahodha wa Kigiriki aliyeingia Misri kwa mdomo wa mto usiomhusu alikuwa na kesi ya kujibu. Katika karne ya 6 KK bandari iliyofunguliwa kwa wafanyabiashara wa ng'ambo ilikuwa moja tu, mji wa Naukratis, na njia ya kuufikia ilikuwa mkono wa magharibi wa mto Nile, ulioitwa Kanopo. Aliyekutwa kwenye mdomo mwingine alilazimika kula kiapo kwamba hakufika pale kwa hiari yake, kisha ageuze chombo aende Kanopo. Upepo ukimkatalia, shehena ilishushwa, ikapakiwa kwenye mashua za Wamisri na kuzungushwa delta nzima mpaka Naukratis. Habari hizi zimeachwa na Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki aliyefika Misri katikati ya karne ya 5 KK, naye aliueleza utaratibu huo kuwa ni wa enzi zilizotangulia wakati wake.

Wagiriki wanaosimuliwa darasani ni watu wa vilima na marumaru. Wana mahekalu meupe juu ya miamba, wana viwanja vya mijadala, wana majeshi yanayovuka bahari kwenda kuanzisha miji. Lakini sehemu kubwa ya riziki yao ilipatikana mahali pengine kabisa, kwenye matete, matope na maji yasiyo na kina. Naukratis na Thonis zilikuwa delta ya Nile. Spina ilikuwa delta ya mto Po, Italia. Histria ilisimama karibu na delta ya Danube, na Berezan na Olbia kwenye mdomo mpana wa mito Dnieper na Bug, kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Huko matopeni Mgiriki aliishi kama mgeni. Alipokewa kwa masharti, alilipa ushuru, alitegemea marubani na vyombo vya wenyeji, na alidumu pale kwa sababu aliyakubali hayo. Historia yao ikisomwa kutokea delta badala ya kilimani, sura yake inabadilika sana.

Sababu ya kuzifuata delta si ngumu kuielewa. Mto mkubwa huleta pwani mali ya bara nzima: nafaka, ngozi, mbao, chuma, watumwa. Ukikaribia bahari mwendo wake hupungua, ukaangusha mchanga na tope ulilobeba, ukajigawa mikono. Meli ya bahari kuu haiwezi kupanda juu sana, na mashua ya mtoni haithubutu kutoka baharini, kwa hiyo lazima pawepo mahali ambapo mali inahama chombo. Anayepamiliki hapo ana ufunguo wa bara. Tena pana samaki, pana chumvi, pana matete ya kuezekea. Tatizo ni moja: njia za maji hazitulii. Mkono wa mto uliopitika msimu huu unaweza kuzibwa na fungu la mchanga msimu ujao, na anayejua hilo ni aliyezaliwa hapo.

Misri ndiyo inayofundisha zaidi, maana huko ushahidi ni mwingi na umechimbwa kwa zaidi ya karne moja.

Wagiriki wa kwanza kuonekana delta ya Nile kwa wingi walikuja na silaha. Farao Psammetichus I, aliyetawala kuanzia mwaka 664 KK, aliwaajiri askari wa kukodiwa kutoka Ionia na Karia, pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo, akawapa makazi kwenye mkono wa mashariki wa mto. Nyuma yao wakaja wafanyabiashara. Baadaye Amasis alinyakua kiti cha enzi, mwaka 570 KK, kwa nguvu ya askari wa Kimisri waliokuwa wamemwasi Farao Apries, naye Apries alipigania kiti chake akiwa na hao askari wa kigeni. Amasis hakuwafukuza Wagiriki, ila aliwapanga. Wafanyabiashara wao wakawekewa mji mmoja, ndani kabisa, kilomita zipatazo 70 kutoka baharini na karibu na Sais, mji mkuu wake, ambako aliweza kuwaona na kuwatoza.

Ndani ya Naukratis kila kundi lilikuwa na mahali pake pa ibada. Watu wa Aegina walijenga hekalu la Zeus, wa Samos la Hera, wa Mileto la Apollo. Miji mingine 9, kutoka Chios hadi Mytilene, ilishirikiana kujenga hekalu moja kubwa lililoitwa Hellenion, na miji hiyo ndiyo iliyokuwa na haki ya kuteua wasimamizi wa soko. Hili linastahili kuangaliwa kwa makini. Nyumbani kwao miji hiyo ilipigana mara kwa mara. Ugenini, kwenye tope la watu wengine, ilikaa pamoja ikaendesha soko moja na ikatoa sadaka kwenye mabakuli yaliyochorwa maneno ya kuwataja kwa pamoja miungu ya Wagiriki.

Mji huo ulipotea machoni mwa wataalamu mpaka mwaka 1884. Mwaka huo mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alikwenda kupanga nyumba ya shambani katika delta, na penye mlango wa nyumba akaona jiwe lenye maandishi ya Kigiriki yaliyoutaja mji wa Naukratis kwa jina. Alipoanza kuchimba alikuta wanakijiji wamekwisha kuondoa sehemu kubwa ya kilima cha magofu, wakiuchukua udongo wake kama mbolea ya mashamba. Hata hivyo alipata shimo lililojaa vyombo vilivyotolewa kwa Apollo kisha vikatupwa, na kiwanda kilichotengeneza hirizi ndogo za umbo la dundu, zenye alama za Kimisri, zilizouzwa mpaka ng'ambo ya Mediterania. Kwa miaka mingi baada ya hapo Naukratis ilielezwa kama kipande cha Ugiriki kilichopandikizwa Afrika. Utafiti wa British Museum ulioanza tena uwanjani mwaka 2012 umeirekebisha picha hiyo. Ulikuta mji wenye Wamisri wengi, hekalu kubwa la Amun-Ra, nyumba ndefu za ghorofa za mtindo wa delta, na vinyago vya sikukuu za mafuriko ya Nile. Wagiriki walikuwa mtaa ndani ya mji wa Kimisri.

Mafuriko yenyewe yalikuwa sehemu ya safari. Nile ilipofurika, asema Herodotus, nchi yote ya delta iligeuka bahari na miji tu ndiyo iliyobaki juu ya maji kama visiwa. Vyombo viliacha mikondo ya mto vikakata moja kwa moja juu ya mashamba, na aliyetoka Naukratis kwenda Memphis alipita karibu kabisa na mapiramidi. Hakuna Mgiriki wa pwani ya mawe aliyezaliwa na maarifa ya namna hiyo.

Chombo kilichofaa maji hayo kiliitwa baris, na maelezo yake yana uzuri wa pekee kwa yeyote aliyewahi kusimama kando ya fundi wa majahazi akimtazama. Herodotus aliandika kwamba Wamisri walikata mbao fupi za mti wa jamii ya mgunga, wakazipanga kama matofali, wakazishikanisha kwa vijiti virefu vilivyopenya ndani ya mbao zenyewe, bila mataruma, wakazikalafati kwa mafunjo. Usukani mmoja ulipitishwa kwenye tundu la mkuku. Tanga nalo lilikuwa la mafunjo. Kupanda mto bila upepo mzuri chombo kilivutwa kwa kamba kutoka ukingoni. Kushuka, mbele yake walitanguliza kitu kama mlango kilichofumwa kwa matete na mbao, kikavutwa na mkondo, na nyuma wakaburuza chini ya maji jiwe lililotobolewa, la uzito wa kilo zipatazo 50, ili chombo kisiyumbe. Wataalamu wengi hawakujua waamini nini katika maelezo hayo, kwa kuwa hakuna chombo cha aina hiyo kilichokuwa kimeonekana.

Kikaonekana. Mwaka 2000 kikosi cha mpiga mbizi na mtafiti Mfaransa Franck Goddio kiligundua katika ghuba ya Abu Qir, chini ya maji ya kina cha mita zipatazo 10 na kilomita kadhaa kutoka pwani ya leo, mji mzima uliozama. Ulikuwa Thonis, ambao Wagiriki waliuita Heracleion, lango la mkono wa Kanopo. Humo kwenye tope zimepatikana nanga zaidi ya 700 na mabaki ya meli zaidi ya 70. Mojawapo, iliyopewa namba 17, ilifukuliwa na kuchunguzwa na Alexander Belov, aliyechapisha matokeo yake mwaka 2019. Ilikuwa na urefu wa hadi mita 28, mbao zake za mgunga zimepangwa kama Herodotus alivyosema, vijiti virefu vinapita ndani ya mbao, na mkuku wake una matundu ya usukani. Mtu aliyeshutumiwa mara nyingi kwa kutia chumvi alikuwa amesimama karakanani akatazama vizuri.

Thonis ilikuwa forodha. Chombo kilichotoka baharini kilisimama hapo, mali ikahesabiwa, ndipo kikaruhusiwa kuingia ndani. Jiwe la amri lililopatikana humo, refu kama mita 2 na lililochongwa maandishi ya Kimisri bila kasoro, limetolewa kwa jina la Farao Nectanebo I, mwaka 380 KK. Linaagiza kwamba sehemu ya 10 ya ushuru wa dhahabu, fedha, mbao na kila kinachotoka bahari ya Wagiriki iende kwa hekalu la mungu wa kike Neith mjini Sais. Pacha wa jiwe hilo alikuwa amekwisha kupatikana Naukratis mwaka 1899, maneno yake yale yale isipokuwa mahali palipotajwa kwamba jiwe lisimamishwe. Amri moja ilibandikwa kwenye lango na kwenye soko, ili asiwepo wa kusema hakuiona.

Kilichopita kwenye forodha ya Misri kinajulikana pia kutokana na daftari la ushuru la mwaka 475 KK, wakati Misri ilipokuwa chini ya Waajemi. Limeandikwa Kiaramu kwenye karatasi ya mafunjo, likafutwa ili karatasi itumike tena, na wataalamu wakafanikiwa kuyasoma maandishi ya chini. Meli za Waionia zinaingia zikiwa na mvinyo na mafuta, zinatozwa dhahabu na fedha. Zinatoka na magadi. Magadi hayo yalitakiwa kwa kufulia na kutengeneza kioo. Ukiongeza nafaka, kitani na mafunjo, unaelewa kwa nini fedha ya Kigiriki ilimiminika kwenye udongo wa delta, na kwa nini wachimbaji wa huko huzikuta sarafu hizo zimekatwakatwa vipande: Mmisri alipokea fedha kwa uzito wake, picha ya bundi wa Athens haikumhusu.

Huko Italia hali ilifanana, ingawa wenyeji hawakuwa na farao. Spina ilistawi kati ya karne ya 6 na ya 4 KK kwenye delta ya Po, juu ya visiwa vya mchanga, nyumba za mbao zimesimama kwenye nguzo na mifereji ikipita katikati badala ya barabara. Ulikuwa mji wa Waetruski, Wagiriki wakiishi ndani yake. Mwaka 1922, wakati bonde la Trebba karibu na Comacchio likikaushwa ili kulimwa, vibarua walianza kukutana na makaburi. Tangu hapo yamefunguliwa zaidi ya 4,000, na yametoa vyombo vilivyochorwa Athens kwa wingi na ubora usio wa kawaida hata ndani ya Ugiriki kwenyewe. Leo vinaonyeshwa katika makumbusho ya Ferrara. Nafaka ya bonde la Po ilishuka hapo, na kaharabu kutoka kaskazini ya mbali pia. Spina ilitajirika kiasi cha kuweka nyumba yake ya hazina Delphi, mahali patakatifu pa Wagiriki wote.

Maisha ya mfanyabiashara mmoja mmoja yanaonekana vizuri zaidi Berezan. Wahamiaji wa mwanzo wa hapo, wengi wao wa kutoka Mileto, waliishi kwa miongo kadhaa kwenye vibanda vilivyochimbiwa nusu ardhini. Mbele yao palikuwa na samaki wakubwa wa kutiwa chumvi, na chumvi iliyojikausha yenyewe mdomoni mwa mto. Mwaka 1970 ilipatikana humo barua iliyochorwa kwenye bamba jembamba la madini ya risasi, likakunjwa kama mkeka. Imeandikwa karibu mwaka 500 KK na mtu aitwaye Achillodoros kumpelekea mwanawe Protagoras. Amedhulumiwa. Mtu mmoja, Matasys, amemnyang'anya shehena na anataka kumfanya mtumwa, akidai kwamba Achillodoros ni mali ya Anaxagoras, na kwamba Anaxagoras huyo anazo mali zake yeye Matasys. Baba anamwomba mwana akamweleze Anaxagoras, na anatoa maagizo juu ya mama na ndugu za mwana huyo.

Haijulikani mzee huyo aliishia wapi. Barua yake inatosha kuonyesha kwamba mpaka kati ya muuzaji na bidhaa ulikuwa mwembamba mno. Watumwa walikuwa miongoni mwa mali iliyotoka Bahari Nyeusi kwenda Ugiriki, na mtu huru aliyekuwa mbali na mashahidi wake angeweza kujikuta upande wa pili wa mizani. Sifa zozote zinazotolewa kwa biashara hiyo ya kale lazima zibebe na ukweli huu.

Matope nayo yalidai malipo yake. Kitabu cha tiba cha shule ya Hippocrates, cha karne ya 5 KK, kinawaeleza watu wa mto Phasis, Georgia ya leo, walioishi kwenye nyumba za mbao na matete katikati ya maji na kwenda huku na huko kwa mitumbwi. Na mwandishi wake anaeleza jinsi wanywao maji ya kinamasi wanavyovimba bandama. Hakujua habari za mbu, lakini msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ataitambua malaria katika bandama hiyo. Mji wa Myous, jirani wa Mileto, uliuawa na tope na mbu pamoja. Mto Maeander ulijaza mdomo wa ghuba yake, ghuba ikawa ziwa, maji yakapoteza chumvi, mbu wakazaliana mpaka wakazi wakabeba sanamu za miungu yao na kuhamia Mileto. Mwandishi wa safari Pausanias alipopita karne ya 2 BK alikuta hekalu moja tu limesimama.

Na Mileto, mama wa miji mingi ya Bahari Nyeusi, ilifuata. Kisiwa cha Lade, mbele ya bandari zake, ambako Waajemi waliwashinda Waionia kwenye vita vya majini mwaka 494 KK, sasa ni kilima katikati ya mashamba. Spina nayo, wakati wa mwanajiografia Strabo, ilikuwa kijiji tu mbali na bahari. Thonis ilikufa kwa namna ya ajabu zaidi. Majengo mazito ya mawe yalisimama juu ya udongo mfinyanzi uliojaa maji. Ardhi ilipotikisika udongo ukalainika ghafla, na hekalu kuu likaporomoka katika karne ya 2 KK. Mabaki ya mji yalizama kabisa karne ya 8 BK.

Aleksanda wa Makedonia alilizingatia tope. Alexandria aliyoianzisha mwaka 331 KK iliwekwa kwenye ukanda wa mwamba magharibi ya midomo yote ya Nile, kwa kuwa mkondo wa bahari hupeleka tope la mto upande wa mashariki. Fedha za Misri alimkabidhi Cleomenes, mzaliwa wa Naukratis, mtu aliyekulia kwenye biashara ya delta. Bandari mpya ilichukua biashara ya Naukratis, ingawa mji wa kale uliendelea kuishi na kutoa wasomi. Athenaeus, mwandishi mashuhuri wa mambo ya karamu, alizaliwa huko.

Kutoka Misri hiyo ya Alexandria, katika karne ya 1 BK, ndipo alipotokea mfanyabiashara mwenye kuandika Kigiriki aliyeacha mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, unaoitwa Periplus. Pwani ya Afrika Mashariki anaiita Azania, na soko la mwisho ni Rhapta, penye pembe za ndovu nyingi na magamba ya kasa. Anavitaja vyombo vya kushonwa kwa kamba, jamaa ya mtepe wa Lamu, na mitego ya matenga ya kukamatia kasa. Anasema manahodha na mawakala wa Kiarabu waliokuja huko walioa kwa wenyeji na kuijua lugha yao. Desturi ni ile ile ya Nile na Po: anayefanikiwa ni mgeni aliyekubali kufundishwa. Ptolemaios, mwanajiografia wa Alexandria, anaiweka Rhapta kwenye mto, ndani kidogo kutoka pwani.

Mahali penyewe pa Rhapta hapajathibitishwa. Delta ya Rufiji inatajwa mara nyingi, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 1999 habari za shanga za enzi ya Kirumi zilizopatikana upande huo. Rufiji ina mikoko mingi kuliko mahali pengine popote Tanzania, na mikono yake ya mto huhama kama ya Nile. Kutembea juu ya ardhi na kuokota vigae hakutatosha. Naukratis imeeleweka upya kwa sababu watafiti walitoboa udongo kwa mabomba mpaka wakaupata ukingo wa zamani wa mto, na Thonis kwa sababu palikuwa na wapiga mbizi waliofunzwa kuchimba chini ya maji. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vina wanajiolojia, vina wanaakiolojia, na vijiji vya delta vina wazee wanaojua mkono upi wa mto ulipita wapi enzi za babu zao. Waanze kwa wazee hao, waandike ramani ya mikono iliyokufa, kisha watoboe humo. Na mkulima au mvuvi wa Rufiji atakayekuta shanga, kigae au ubao wa kale kwenye tope, auache ulipo, aweke alama na kutoa taarifa kwa serikali ya kijiji au Idara ya Mambo ya Kale, maana kitu kikishaondolewa kwenye tope lake hakuna chombo cha maabara kitakachoweza kusema kilitoka wapi.